Niangalizie Pale Anapokwama

Mume wangu Munir anaweza kusikia, katikati ya kwaya ya watu arobaini, kwamba msichana mmoja wa sauti ya kwanza ana mafua. Nikimwambia unga umekwisha, hasikii. Nikirudia anaitika "ee," na nikisema mara ya tatu anatoka mbio kwenda dukani na kurudi na sukari. Nimeishi naye miaka kumi na tisa, kwa hiyo nikizungumzia masikio yake nina haki.

Kazi yake ni kunakili CD. Najua mnavyocheka. Hapa Area D hata mtoto wa darasa la tatu ana nyimbo kwenye simu ya mama yake. Lakini Munir ana chumba chake, kinapakana na changu cha ushonaji, kompyuta mbili, na bango aliloandika kwa mkono wake mwenyewe: MUNIR SAUNDI. TUNANAKILI CD. HATUPOTEZI HATA CHEMB. Ubao ulimwishia kabla ya herufi ya mwisho. Nilimwonyesha siku ile ile, akasema rangi ikikauka atarekebisha. Huu ni mwaka wa saba rangi inakauka.

Wateja anao. Makanisa yana CD za kwaya za zamani, madrasa zina kaswida, na watumishi waliohamia na serikali kutoka Dar walikuja na maboksi ya CD wasizoweza kuzitupa wala kuzisikiliza. Wote wanapita kwake, na wote wanapewa somo kabla ya huduma.

Ukali wake una asili. Ukoo wao ni wa watu waliofika huku na misafara ya biashara enzi za mababu, wakachoka kutembea, wakafungua maduka. Baba yake, mzee Mbwana, Mungu amrehemu, aliuza kanda za taarabu Majengo. Alizinakili mwenyewe, kanda kutoka kanda, kisha nakala kutoka nakala, mpaka mwimbaji akawa anasikika kama yumo ndani ya gunia la mkaa. Siku moja mteja alimrudishia kanda mbele za watu akamwambia, "Mzee, umeniuzia mvua." Munir alikuwa na miaka kumi. Mzee alicheka pamoja na watu, akatoa kanda nyingine. Munir hakucheka, na nadhani mpaka leo hajamaliza kukasirika.

"CD ya muziki," huwaambia wateja ambao hawakumuuliza, "ni mstari mmoja mrefu wa sauti. Kompyuta mvivu ikishindwa kusoma mahali, inabuni. Inakutungia uongo, na wewe unacheza."

Yake haibuni. Programu yake husoma kila kipande mara mbili na kulinganisha. Majibu yakipishana inarudia, hata mara themanini, mpaka yakubaliane. CD moja yenye michubuko inaweza kula siku nzima. Na hataki kusikia habari ya kuibana sauti ili iwe nyepesi. Kubana sauti, anasema, ni kumkata mtu vidole vya mguu ili kiatu kimwenee.

Ng'ambo ya barabara yuko Hasani, mwenye steshenari ya kuchapa, picha za pasipoti na kila kitu. Yeye ananakili CD kwa dakika mbili huku anakula chipsi. Kompyuta yake imejaa vitu vya watu kama stoo ya marehemu, kwa sababu hafuti chochote. Munir humwita "yule mharibifu." Hasani humwita Munir "profesa." Wanasalimiana siku za Idi.

Jumatatu moja ya mwezi wa tisa akaja kijana mmoja nadhifu, kitambulisho cha ofisi kikining'inia shingoni, jina Jordan Matonya. Nyuma yake alikuwa mama yake, mama Edina, ametoka kijijini Mvumi asubuhi ile. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaketi kwenye benchi la Munir bila kuegemea.

"Fundi, tumetoka pale ng'ambo," Jordan alisema. "Wametuharibia. Tume-test hapo hapo, wimbo wa nne unakwama vibaya. Jumamosi tuna kumbukumbu ya mzee, miaka kumi. Nataka quality, fundi. Isipungue kitu."

Ukitaka kumfurahisha mume wangu, mwambie hivyo. Akaipokea ile CD kwa ncha za vidole. Ilikuwa ya kwaya ya huko kwao. Luka Matonya, baba yake Jordan, alikuwa kiongozi wa sauti ya nne, na katika wimbo wa nne aliimba ubeti mzima peke yake. Hakuna mahali pengine sauti yake ilipobaki. Wenzake wa kwaya walishapoteza CD zao, na hii nayo rangi ya mgongoni ilikuwa inabanduka. Munir aliiinua juani, mwanga ukapenya kwenye vitundu.

"Hii ukiiacha mwaka mmoja hakuna redio itakayoisoma," alisema. "Mmewahi. Nitaisafisha, nitaisoma, halafu nitawachomea mbili. Njooni Alhamisi."

Mama Edina akasimama. "Uichome? Sauti ya baba Jordan uichome moto?"

Jordan alicheka mpaka akashika ukuta. Munir naye akacheka, na mimi mlangoni kwangu, Mungu anisamehe, nilitabasamu. "Kuchoma ni kuandika, mama," Jordan alimwambia. "Wanasema hivyo tu." Mama akaketi tena, akaikunja ncha ya kitenge chake, na kwa muda wote ambao Munir alikuwa anamfundisha Jordan habari ya kusoma mara themanini, hakusema neno. Mtu akichekwa na mtoto wake mwenyewe, la pili halisemi.

Walipokuwa wanatoka alimwacha Jordan atangulie. Akarudi hatua mbili, akamwambia Munir polepole, "Baba, kuna mahali anakwama. Naomba uniangalizie pale anapokwama."

"Usiwe na wasiwasi, mama. Nitapaangalia mwenyewe."

"Upaangalie sana."

"Sana, mama."

Wakaagana, kila mmoja ameridhika. Nami nilisikia kila neno, na nilielewa kama Munir alivyoelewa. Mtu akiniletea gauni akaniambia, "Sabiha, niangalizie hapa kwapani," simuulizi anataka nini. Natafuta uzi.

Nyimbo tatu za kwanza zilipita Jumanne bila ubishi. Wa nne ulipofika dakika ya pili na sekunde kumi na moja, kompyuta ilianza kukoroma. Ilisoma mara themanini, ikashindwa, ikasoma tena. Munir alikula chakula cha mchana akiwa amesimama, anaitazama skrini kama daktari wa wodi. Kuna watu wanaosugua CD kwa dawa ya meno. Munir huwaona kama watu wanaoosha macho kwa sabuni. Yeye ana dawa ya kung'arishia taa za magari, na huisugua CD kutoka katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka, kwa kitambaa laini cha pamba. Kitambaa nilimpa mimi, kipande cha kanzu ya mtoto kilichobaki mezani. Nasema hivyo ili lawama zigawanywe sawa.

Jumatano alasiri nilisikia anapiga meza. "Mia kwa mia! Sabiha, njoo usikie!"

Nikaenda. Vyombo vikanyamaza, na sauti ya mwanamume ikatoka peke yake, nzito, isiyojikaza: *Nifungulieni mlango, ninakuja nyumbani, nimechoka na safari.* Ilipita pale penye mchubuko laini kabisa. Mwili ulinisisimka, sikatai. Munir alikuwa na machozi, lakini yeye alilia kwa ajili ya sekunde ya kumi na moja.

Alhamisi mama Edina alikuja na redio yake imefungwa kwenye kanga. Alitaka kuhakikisha kwamba redio itaikubali CD ya kompyuta, nami nikaona ni busara. Jordan alikuja kutoka ofisini akiangalia saa. Munir akaweka nakala yake mpya kwenye ile redio, akaruka moja kwa moja hadi wimbo wa nne, akarudi nyuma na kukunja mikono kifuani.

Luka akaanza kuimba. Nilimwona mama Edina anainama mbele kidogo, anauinua mkono wake wa kulia, kiganja wazi. *Nifungulieni mlango, ninakuja nyumbani,* Luka akaimba, *nimechoka na safari,* na kwaya nzima ikampokea. Mkono wa mama ulibaki hewani.

"Amepita," alisema.

"Naam, mama, amepita!" Munir alisema kwa furaha. "Hakwami tena."

"Weka ile yetu."

Munir akaweka ile yao, inang'aa kama sahani mpya. Luka akaimba, akapita tena. Mama aliutazama ule mng'ao, halafu akamtazama mume wangu.

"Mmemfanya nini?"

Hapo ndipo alipotueleza, na mpaka leo sijui kama alikuwa anatueleza sisi au redio. Mwaka mmoja baada ya msiba, CD ilianguka, mguu wa kigoda ukaikwaruza. Kuanzia siku hiyo, kila jioni akipika, ikifika kwenye "ninakuja" inakwama. Ninakuja, ninakuja, ninakuja.

"Na enzi za uhai wake alikuwa hivyo hivyo," alisema. "Yuko kwenye mazoezi ya kwaya, nampigia simu. Ninakuja. Nampigia tena. Ninakuja, mama Jordan. Mlenda unapoa, yeye anakuja tu. Basi na redio ikisema, mimi namjibu. Namwambia, njoo basi. Miaka tisa namjibu. Sasa amesema mara moja akapita, kama mtu anayepita kwa jirani."

Jordan alikuwa ameacha kuangalia saa. Miaka yote hiyo alikuwa akienda nyumbani Krismasi, anakula, anarudi mjini. "Lakini mama," alisema, "si ungesema?"

"Nilisema. Nilimwambia fundi aniangalizie."

Niangalizie mtoto. Niangalizie mzigo wangu, naingia ndani mara moja. Hakuna mtu duniani aliyeambiwa amwangalizie mwenzake mzigo akaufungua na kuushona upya. Niliona neno hilo linamwingia Munir na kufika. Kuuliza si ujinga, na kwa miaka yote niliyomjua alikuwa hajawahi kumuuliza mteja swali hata moja. Yeye alikuwa na majibu.

"Nipe nusu saa, mama," alisema.

Alikaa kwenye kompyuta akakata lile neno, akalipanga mara kumi na mbili, likafuatana bila mshono. Nikiwa fundi wa kushona, nilimsifu moyoni. Mama Edina alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Huyu si yeye," alisema. "Huyu anahesabu."

Munir akajaribu kulikata katikati. Akajaribu kwa kasi, akajaribu taratibu. Mama alitikisa kichwa kila mara, na hakuweza kueleza kwa nini. Nani anaweza kueleza sauti ya mumewe akichelewa? Mara nikamwona Munir ameingia kwangu, amechukua sindano kwenye kijisanduku, anarudi nayo. Nilimfuata nikamkuta ameielekeza kwenye ile CD. Mtu ambaye hajawahi kuishika CD kwa kiganja! Nikamshika mkono.

"Utaikwaruza wapi, Munir? Unajua kigoda kilipita wapi?"

Akaiweka sindano chini. Sijawahi kumwona mtu mwenye aibu ya namna ile. Nilimhurumia, kusema kweli, na pia nilikuwa na hasira naye, na yote mawili yalikuwa ya mume mmoja. Katika hasira hiyo ndipo nilipokumbuka.

"Hasani," nikasema.

"Hasani kafanya nini?"

"Alinakili kabla yako. Kabla hujaisugua. Na yake ilikwama, Jordan mwenyewe alisema."

Munir akaitazama barabara. Ni barabara ya vumbi, upana wake hatua kumi na tano, lakini aliitazama kama anaambiwa avuke jangwa. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Miaka saba alikuwa anawatukana, na uchungu umemshika adhuhuri, mbele ya mteja.

Tukavuka wote wanne, mama Edina amekumbatia redio yake. Hasani alikuwa na wanafunzi watatu wanaochapisha fomu.

"Profesa!" alisema. "Karibu. Umekuja kukagua ubora?"

"Kuna CD uliinakili Jumatatu," Munir alisema. "Ya kwaya ya Mvumi. Bado unayo?"

"Mimi nafuta kitu? Panga foleni, kaka. Hawa vijana walitangulia."

Munir akapanga foleni. Alisimama nyuma ya binti mwenye sare ya shule, mikono nyuma, mpaka fomu ya mwisho ikatoka. Hasani alipekua, akapita harusi, misiba, mahubiri na picha za pasipoti za watu wasiojulikana, akaipata. Akaibofya.

Sauti ilikuwa mbaya. Nasema mimi, ambaye sina masikio. Ilikuwa nyembamba, imebanwa, na nyuma yake kulikuwa na mvua ile ile ya mzee Mbwana. Munir alifumba macho kama mtu anayechomwa sindano. Kisha dakika ya pili ikafika, na kompyuta ile mvivu, ambayo haikujua kurudia kusoma wala kulinganisha, ilikuwa imefanya kwenye mchubuko kile kile ambacho redio ya Mvumi hufanya. *Ninaku, ninaku, ninakuja, ninaku, ninakuja.*

"Njoo basi," mama Edina alisema. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliye jikoni. Wanafunzi wakageuka.

Nilihesabu mara kumi na moja. Hasani aliacha kutafuna chipsi zake. "Nikuwekee kwenye flashi, profesa," aliuliza, na sauti yake haikuwa na utani tena, "au ubora utapungua?"

"Weka," Munir alisema. "Na ahsante."

Jioni ile aliishughulikia nakala ya Hasani kwa ibada zake zote. Aliisoma mara mbili, akalinganisha, akachoma CD mbili na kuweka nyingine kwenye flashi. Nilimuuliza ubora vipi.

"Mbovu kabisa," alisema. "Na haijapotea hata chembe."

Jumamosi Jordan alitupakia kwenye gari lake tukaenda Mvumi. Turubai lilifungwa mbele ya nyumba, sabufa ya kukodi ikawekwa mezani kwenye kitambaa cheupe. Baada ya ibada mwalimu wa kwaya alitangaza kwamba sasa tutamsikia mzee Luka. Wimbo ukaanza. Sauti ilikuwa nyembamba, na wageni wa mjini walitazamana. Ilipokwama, mwalimu wa kwaya aliruka kwenda kuiokoa mashine, na Jordan akamzuia kwa kumshika koti.

"Mwache mzee," alisema.

Mama Edina akajibu kutoka kwenye kiti chake. "Njoo basi." Majirani wa ule upande, waliokuwa wakiyasikia hayo kila jioni kupitia uani kwa miaka tisa, wakaitikia pamoja naye. "Njoo basi! Mlenda unapoa!" Watu wakacheka, halafu wengi hawakuweza kuendelea kucheka. Jordan alijibu mara mbili za mwisho. Ya kumi na moja ikapita, kwaya ikampokea baba yake.

Baada ya chakula nilimwona Munir ameburuta kiti, ameketi karibu na mama Edina. Nikasogea, maana namjua.

"Mama," alimuuliza, "kuna kitu kimepotea?"

Miaka kumi na tisa, na leo ameuliza.

Mama Edina aliufungua mkono wake wa kulia, akautazama.

"Kofi tu," alisema.

"Kofi?"

"Ile redio nilikuwa naipiga kofi ndipo apite. Nisipoipiga, anabaki. Kuna siku nilimwacha mpaka ugali ukaiva. Sasa anasema mara kumi na moja, halafu anakwenda mwenyewe."

Nikaona mdomo wa mume wangu unafunguka. Nilijua linalokuja. Angemwambia inawezekana, kuna namna, ataipanga irudie mpaka mtu abonyeze kitufe, ampe siku mbili. Nikamkanyaga mguu kwa nguvu zangu zote.

Akaufunga. Alimtazama mama Edina, akautazama ule mkono uliokuwa bado wazi mapajani.

"Pole, mama," alisema, akakaa naye pale pale mpaka watu walipoanza kuondoka.